Tuzigawie Ripita za Kidijitali Masafa Kabla Vilele Havijajaa

Mheshimiwa Mwenyekiti, maofisa wa mamlaka za mawasiliano mlioitikia mwaliko wetu, waendeshaji wenzangu wa redio ya ridhaa mliotoka bara na visiwani, mabibi na mabwana.

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia swali ambalo kwa muda mrefu tumeliachia mafundi peke yao, nalo ni hili: kikundi cha waendeshaji kinapotaka kusimamisha ripita ya kidijitali mlimani, kipewe masafa yapi, yapimwe kwa kigezo gani, na nani ashirikishwe kabla mnara haujapandishwa. Msimamo wangu nitausema mapema ili anayetaka kuupinga apate muda wa kujiandaa. Ripita ya kidijitali ni ripita kama ripita nyingine yoyote. Inastahili jozi yake kamili ya masafa, si upenyo uliobaki kati ya jirani wawili, na jozi hiyo yapaswa kuratibiwa kabla ya kujengwa, pamoja na waendeshaji walio ng'ambo ya mpaka ambao mlima huo unawaona.

Kwa wageni wetu ambao si waendeshaji, redio ya ridhaa ni ile inayoendeshwa na watu binafsi wenye leseni kwa kuipenda tu, si kwa biashara, na ripita ni mtambo unaokaa mahali pa juu, ukasikiliza kwenye masafa fulani na papo hapo kurusha kile ulichokisikia kwenye masafa mengine, ili redio ya upepo ya wati tano iliyo bondeni iweze kuongea na redio nyingine iliyo nyuma ya kilima. Antena mara nyingi ni moja tu. Mtambo unarusha, tuseme, wati 25, na wakati huo huo unajaribu kusikia robo moja ya mikrovolti kwenye waya ule ule. Ukipiga hesabu utaona kwamba nguvu inayotoka inazidi ile inayoingia mara trilioni elfu ishirini. Kinachowezesha mambo haya mawili kukaa pamoja ni mitungi ya kuchujia ambayo mafundi huiita dyuplekisa, pamoja na umbali kati ya masafa ya kusikiliza na ya kurusha. Ndiyo maana ripita haiombi masafa mamoja, inaomba jozi, na ndiyo maana jozi hazigawiwi kiholela.

Sasa tutazame nafasi tuliyo nayo. Sisi tumo katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, pamoja na Afrika yote, Ulaya na Uarabuni. Bendi yetu ya mita 2 inaanzia megahezi 144 na kuishia 146, wakati wenzetu wa Marekani wanafika 148. Katika mpango wa bendi wa Kanda ya 1, ripita husikiliza kuanzia karibu megahezi 145 na kurusha kilohezi 600 juu yake, na ukihesabu nafasi za kilohezi 12.5 kutoka 145.600 hadi 145.7875 unapata jozi 16. Juu yake, kuanzia 145.800, ndipo Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinaporusha sauti, na baada ya hapo ni eneo la setilaiti. Chini yake ni mazungumzo ya moja kwa moja ya redio kwa redio. Basi, jozi 16 ndizo hizo.

Kumi na sita zinaonekana nyingi kwa nchi ambazo ripita zake za ridhaa zinahesabika kwa vidole. Lakini hesabu hiyo inadanganya, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu karibu kila ugomvi wa masafa ninaoufahamu umeanzia kwenye kutoelewa jambo hili moja.

Sauti ya FM ya kawaida, yenye mchepuko (kiasi ambacho masafa huyumba yanapobeba sauti) wa kilohezi 5 na sauti inayofika kilohezi 3, inahitaji upana wa takriban kilohezi 16. Ile iliyobanwa, yenye mchepuko wa kilohezi 2.5, inahitaji takriban 11. Kwa hiyo nafasi ya kilohezi 12.5 inaitosha FM iliyobanwa, lakini haiitoshi ile pana, na redio nyingi za zamani zilizoko mikononi mwetu, pamoja na mpya ambazo hazikuwekwa sawa dukani, bado zinarusha FM pana. Mfumo wa sauti ya kidijitali wa D-STAR, ulioasisiwa Japani na chama cha waendeshaji cha huko, JARL, hukaa ndani ya kilohezi 6.25 tu, ukibeba biti 4800 kwa sekunde, ambazo 3600 ni za sauti pamoja na kinga yake dhidi ya makosa, na zilizobaki ni za data. DMR, mfumo mwingine wa kidijitali ambao ni kiwango cha taasisi ya Ulaya ya ETSI kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2005, huchukua kilohezi 12.5 lakini huzigawa kwa zamu mbili za milisekunde 30 kila moja, hivyo jozi moja inabeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. C4FM, mfumo wa kidijitali wa kampuni ya Yaesu, nayo huchukua 12.5.

Mtu anayesoma takwimu hizi kwa haraka hupata wazo linalovutia sana. Husema: kama D-STAR inataka kilohezi 6.25 tu, na kati ya ripita mbili za FM kuna uwazi, basi tuichomeke hapo katikati, hakuna atakayejua. Wazo hilo linasahau kwamba upana wa kinachorushwa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni upana wa masikio ya jirani. Kichujio cha redio ya FM pana kimetengenezwa kupokea kila kitu kilichomo ndani ya kilohezi 15 au zaidi, nacho hakiwezi kujua kwamba pembeni yake pamehamia mgeni mwembamba mwenye adabu. Kitakachosikika ni mkoromo. Kwa upande wa pili, ripita ya kidijitali iliyobanwa hivyo haitasikia mkoromo wowote. Itapoteza vipande vya maneno, kisha sentensi nzima, na mwendeshaji wake atahangaika na antena na nyaya kwa wiki kadhaa bila kufahamu kwamba tatizo lake ni jirani.

Nimewahi kushuhudia hali hiyo mwenyewe. Mahali fulani, ambapo sitapataja, palikuwa na ripita ya FM iliyofanya kazi miaka mingi, na kikundi kingine kikaweka ya kidijitali kilohezi 12.5 pembeni yake, kwenye kilele hicho hicho, bila kuuliza mtu. Kila upande uliamini kwamba mwenzake anauhujumu makusudi. Wale wa FM walijaribu kujikinga kwa kuweka toni ya kufungulia, ile sauti ya chini isiyosikika ambayo redio huitumia kama ufunguo, na kwa siku mbili walidhani wamepona kwa sababu mkoromo ulinyamaza. Haukuwa umeondoka. Toni hulinda sikio la msikilizaji, hailindi mtambo wa kupokea, na mtu wa mbali mwenye mawimbi dhaifu aliendelea kuzamishwa vile vile, ila sasa hakuna aliyejua kwamba alikuwa akiita. Nilihuzunika sana kugundua kwamba mmoja wa waliokuwa wakiita bila kusikika alikuwa mzee aliyeitegemea ripita ile kila jioni kuzungumza na wenzake.

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kukutana na swali hili. Marekani imelipitia kwa miaka mingi, na sheria yake ina mafunzo mawili. Kanuni za Tume ya Mawasiliano ya huko, katika Sehemu ya 97, hazimpi mratibu wa masafa mamlaka ya kutoa leseni. Mratibu ni chombo kinachotambuliwa na waendeshaji wenyewe wa eneo husika, nacho kinapendekeza tu masafa na vipimo vya kiufundi. Lakini pendekezo hilo lina uzito. Ripita mbili zikiingiliana, wenye leseni wote wawili wanawajibika sawa kutatua tatizo, isipokuwa pale ambapo mmoja ameratibiwa na mwenzake hajaratibiwa. Hapo yule asiyeratibiwa ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Napenda sana ufupi wa kanuni hiyo. Haimlazimishi mtu kuja kwa mratibu, lakini inamwonyesha mapema gharama ya kutokuja.

Funzo la pili lilikuja na D-STAR. Katika majimbo mengi jozi za mita 2 zilikuwa zimekwisha, na baadhi ya waendeshaji wakaleta hoja kwamba mtambo wa kidijitali si ripita kwa maana ya sheria, kwa kuwa kanuni inaielezea ripita kuwa ni kituo kinachorusha tena kwa wakati huo huo, ilhali wa kidijitali hukawia kidogo unapochakata biti. Kama hoja hiyo ingekubalika, mitambo hiyo ingeruhusiwa kukaa nje ya sehemu zilizotengwa kwa ripita, pamoja na maeneo ambayo wengine huyatumia kwa mawimbi hafifu na setilaiti. Jibu la tume lilikuwa kwamba ripita ni ripita, na kukawia kidogo hakubadilishi kazi yake. Nadhani jibu hilo lilikuwa la haki, na pia lilikuwa na faida kwa watu wa kidijitali wenyewe, kwa sababu liliwalazimu waratibu kuwatafutia nafasi halali badala ya kuwaacha wakimbizi wa bendi.

Japani ilichukua njia nyingine kabisa. Huko leseni za ripita zote za ridhaa zinashikwa na JARL, vikundi vya wenyeji vikizitunza kwa niaba yake, na hakuna ripita kwenye mita 2. Nyingi wamezipeleka megahezi 430 na kwenda juu. Sisemi tuige mpango huo mzima. Lakini uamuzi wa kuuacha mita 2 kwa mazungumzo ya moja kwa moja, na kuzipeleka ripita mahali penye nafasi, unastahili kufikiriwa na sisi ambao mita 2 yetu ni nusu ya ile ya Marekani.

Nije sasa kwenye jiografia yetu, kwa kuwa hapa ndipo mpango wa kuazima hautatufaa. Upeo wa redio, kwa makadirio, ni mzizi wa pili wa kimo cha antena kwa mita ukizidishwa kwa 4.12, na jibu linakuja kwa kilomita. Chukueni kilele cha Usambara Magharibi karibu na Lushoto, chenye kimo cha takriban mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Upeo wake unazidi kilomita 190. Tanga imo ndani. Pemba imo ndani. Mombasa, iliyo umbali wa takriban kilomita 170 kwa mstari ulionyooka, nayo imo ndani ya hesabu, japokuwa vilima vya Shimba vinakatiza njia na kuukinga mji kwa kiasi, ilhali Kwale, iliyokaa juu ya vilima hivyo hivyo, itapokea vizuri zaidi. Geukeni upande wa pili: Vuria, huko Taita, nayo ina kimo cha mita 2,200 na kidogo, na kati yake na Moshi, iliyo zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa ni tambarare. Mlima haujui mpaka uko wapi. Ripita ya Usambara na ripita ya Kwale zikipewa jozi moja na mamlaka mbili tofauti, kila moja kwa nia njema na kwa jedwali lake safi, mtu mmoja akibonyeza redio yake Lunga Lunga atazifungua zote mbili.

Kwenye DMR kuna msimbo wa rangi, namba kutoka 0 hadi 15, ambayo huifanya ripita isimjibu mtu aliyekuja na rangi isiyo yake. Watu wengine hudhani huo ndio uratibu. Sivyo. Ni sawa na ile toni ya FM niliyoitaja: unazuia mlango usifunguke, lakini aliyesimama mlangoni bado amemzuia mwenye nyumba kuingia. Rangi tofauti zina kazi yake pale ambapo ripita mbili zenye jozi moja ziko mbali vya kutosha na husikiana kwa nadra, na kwa kazi hiyo zigawiwe kwa mpango, si kila mtu achukue namba 1 kwa kuwa ndiyo aliyoikuta kiwandani.

Kwa sababu hizo zote napendekeza kwamba ripita mpya za kidijitali katika ukanda wetu zianzie bendi ya sentimita 70, yaani ile ya megahezi 430 hadi 440, si mita 2. Na hata huko tuchague kwa uangalifu. Mpango wa Kanda ya 1 una njia mbili. Ya kwanza ina umbali wa megahezi 1.6, upande mmoja ukiwa karibu na 433 na mwingine karibu na 434.6 hadi 435. Vifaa vyake ni rahisi kupata, lakini kati ya 433.05 na 434.79 ndimo vinamoishi vifaa vidogo visivyohitaji leseni: rimoti za mageti, funguo za magari, vipima joto vya majumbani. Mtambo unaosikiliza humo kutoka kilele kinachoutazama mji mkubwa utasikia mageti ya mji mzima. Njia ya pili ina umbali wa megahezi 7.6, ikisikiliza kutoka 431.050 hadi 431.825 na kurusha kutoka 438.650 hadi 439.425. Hapo kuna nafasi 32 za kilohezi 25, ziko nje ya eneo la rimoti, ziko nje ya sehemu ya setilaiti ya 435 hadi 438, na umbali mkubwa kati ya kusikiliza na kurusha hufanya mitungi ya kuchujia iwe midogo na nafuu. Nafasi za kilohezi 25 zinaruhusu pia FM pana na kidijitali kuishi jirani bila ugomvi nilioueleza. Ninachowaomba maofisa waliopo ni kutuambia mapema ni sehemu gani ya 430 hadi 440 imekwisha kugawiwa huduma nyingine katika kila nchi, maana bendi hii tunaishirikiana na wengine, na ni afadhali tuchore ramani tukijua mashimo yake.

Kuna wasiwasi mmoja wa mamlaka ambao nauheshimu na nataka kuujibu bila kuuzunguka. Ofisa anayesikiliza masafa kwa kipokezi cha kawaida husikia FM na kuielewa, lakini ya kidijitali huisikia kama mvumo, na ni haki yake kuuliza kama hatuzungumzi kwa siri. Kanuni za Redio za kimataifa, kifungu cha 25, zinakataza mawasiliano ya ridhaa kati ya nchi tofauti kufichwa maana yake, nasi tunafungwa nazo. D-STAR, DMR na C4FM si mficho, ni namna ya kuandika sauti, na redio ya kawaida ya mfumo husika inatosha kuisikia. Lakini redio nyingi za DMR zimetengenezwa kwa ajili ya makampuni na zina kitufe cha kuficha mazungumzo. Kitufe hicho kiwe marufuku kwenye ripita zetu, masharti hayo yaandikwe ndani ya leseni, na kila kikundi kinachoomba jozi kiipatie mamlaka redio moja ya kusikilizia, iliyokwisha kupangwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kunyimwa leseni kwa sababu ya shaka.

Kifungu hicho hicho cha 25 kinazihimiza serikali kuwawezesha waendeshaji wa ridhaa kujiandaa kusaidia mawasiliano wakati wa maafa. Pwani yetu inajua mafuriko. Minara ya simu inapokosa umeme, ripita yenye betri na sola mlimani inaendelea, na DMR inayobeba mazungumzo mawili kwenye jozi moja ina maana kwamba wanaoratibu mahema na wanaoratibu mashua hawalazimiki kungojana.

Kuhusu utaratibu wenyewe nitasema machache. Mwombaji aeleze mahali kwa latitudo na longitudo, kimo cha ardhi na cha antena, nguvu inayotoka, upana wa masafa na mfumo anaoutumia. Waratibu wa Tanzania, Kenya na Uganda wawe na daftari moja, na ombi lolote la kilele kinachoona ng'ambo lipelekwe kwa jirani kabla ya kuidhinishwa. Jozi itolewe kwa muda, na kikundi ambacho hakijarusha chochote ndani ya muda huo kiirudishe, kwa kuwa ripita iliyoko kwenye karatasi tu inaziba masafa sawasawa na ile inayofanya kazi. Vituo vidogo vya mkononi vinavyounganisha redio na intaneti, ambavyo vinaenea haraka kwa kuwa ni rahisi, navyo vipewe masafa yao mamoja au mawili, mbali na 145.8 hadi 146 na mbali na 435 hadi 438, kwa sababu wengi wanaovinunua hawajui kwamba juu ya vichwa vyao kuna setilaiti inayosikiliza hapo.

Kabla ya jozi ya kwanza kutolewa, naomba tufanye jaribio moja. Tupande Usambara na mtambo mdogo wa DMR kwenye 438.650, wenzetu wa Kwale, Tanga na Pemba wakae na redio zao kwa siku tatu, asubuhi, mchana na usiku wakati ambapo hewa ya bahari hubeba mawimbi mbali zaidi, na kila mmoja aandike alichokisikia na kwa nguvu gani. Ramani tupu ya jaribio hilo iko kwenye meza iliyo karibu na mlango, pamoja na karatasi ya kujiandikisha. Nafasi ya Pemba bado haina mtu, nami nitafurahi kama yeyote kati ya wenzetu wa visiwani atajitokeza leo kabla hatujatawanyika.

Asanteni kwa kunisikiliza.